Mashimo ya Upawa

Hasira za Pilipili zilijulikana mtaa mzima, na ndiyo maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Alishuka kwenye basi asubuhi, begi la vitambaa begani, utepe wa kupimia bado umening'inia shingoni, akaanza kupanda njia ya kwake. Alikuwa ameondoka siku chache kwenda mji wa jirani kupima sare za shule, maana yeye ni mshona nguo. Sasa kila aliyekutana naye njiani alimsalimia kwa utamu uliopita kiasi. Muuza duka alimuuliza habari za safari, za kazi, za afya, akamalizia na habari za mguu, na mguu wenyewe haukuwa na shida yoyote.

Mtu mzima akisalimiwa hivyo hujua kuna jambo. Pilipili hakuuliza. Alifika kwake, akaweka begi juu ya cherehani, akavua viatu, akazunguka nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na hori, tawi jembamba la bahari linaloingia nchi kavu na kutoka. Maji yalikuwa yamekupwa na tope liko wazi. Alipoondoka, tope lile lilikuwa limejaa miche ya mikoko, mingine yenye majani mawili, mingine manne, kila mmoja umesimama pale bahari ilipouacha. Sasa kulikuwa na mashimo. Yalianzia karibu na ukuta wake wa jiko yakaenda hadi kwenye mkondo, mashimo matupu yenye maji machafu ndani, na vikaa vidogo vikitoka na kuingia kana kwamba vimepata nyumba za bure.

Pilipili alisimama pale mpaka miguu ikazama. Kisha akaanza kutazama kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine. Mashimo mengi yalikuwa yamechanika ovyo, kuonyesha mche ulishikwa shingo ukavutwa. Lakini mengine yalikuwa ya duara, safi, yamechotwa kwa chini kama mtu anayechota uji kwenye sufuria bila kuumwaga. Kwa chombo gani? Jembe halichimbi hivyo, wala kijiko cha nyumbani hakifikii ukubwa huo. Kulikuwa na upawa mmoja tu mtaani wa kuchota namna ile, upawa wa chuma wa jiko la shule, na mpishi wa shule alikuwa wifi yake mwenyewe, mke wa mdogo wake, ambaye pia ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mikoko. Watu walimwita Mwenyekiti hata alipokuwa anamenya vitunguu.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Pilipili kutoka kwenye tope.

Ili uielewe hasira hiyo, lazima ujue lile tope lilimgharimu nini. Zamani hori lote lilikuwa msitu. Ukakatwa kwa nguzo, ukakatwa kwa kuni, na katika hilo hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole, kila nyumba ilikuwa na nguzo ya mkoko darini. Msitu ulipokwisha bahari ikakosa wa kuizuia. Bamvua moja, maji yakiwa makubwa, iliingia jikoni kwa Pilipili bila hodi ikaondoka na ukuta, na meko, na kinu chake. Alijenga ukuta mwingine. Lakini aliujenga akijua ni wa kuazima.

Kikundi kikaundwa kupanda mikoko. Kila mwaka walipanda, na kila mwaka ilikufa, kwa sababu mkondo wa kuleta maji kwenye hori ulizibwa na kifusi siku barabara ilipotengenezwa. Wala si kwamba wenzake hawakulijua hilo. Walijua wote. Ila kupanda kuna wageni, kuna nyimbo, kuna soda. Kuchimba mkondo kuna harufu tu.

Basi Pilipili akachimba. Alichimba kiangazi kizima, yeye na mjane wa jirani, wanatoa mawe, wanatoa viroba, wanatoa matairi, mpaka siku moja maji yakapita yakaenda hadi ndani kabisa ya hori kama mtoto aliyerudishwa kwao. Mvua zilipokuja, mikoko mikongwe iliyobaki upande wa juu ikaangusha mbegu zake ndefu, maji yakazibeba, yakazichomeka kwenye tope moja moja. Pilipili hakupanda hata mmoja. Watu walipaita Shamba la Mvivu, na yeye alilipenda jina hilo. Jioni aliacha cherehani akaenda kuitazama miche yake tu, bila kuigusa, kama mtu anayechungulia watoto waliolala.

Sasa ilikuwa imeng'olewa.

Alitoka bila viatu. Mdogo wake, fundi baiskeli, alimwona kwa mbali kwenye kona yake ya kazi, akaingia chini ya baiskeli ambayo haikuwa na haja ya mtu kuwa chini yake.

"Mkeo yuko wapi?"

"Dada, shikamoo. Umefika lini? Kaa kwanza upate maji."

"Nimeuliza mkeo yuko wapi."

"Mke wangu yupi?"

"Kwani una wangapi?"

Fundi akaona jibu lolote litamponza, akaelekeza spana upande wa nyumbani kwake. Dada yake alipogeuka tu, akamwita mteja aliyekuwa akipita akamwambia leo amefunga mapema.

Uani kwa Mwenyekiti miche ilikuwa imepangwa kivulini, ndoo kwa ndoo, mingi imeshaingizwa kwenye viroba vidogo vyeusi vya kitalu. Mwenyekiti alikuwa ameketi kwenye kigoda akifunga vibao vya majina kwenye miche, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya wageni wanaokifadhili kikundi, na kila mgeni hupanda mche wake wenye jina lake. Upawa wa shule ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeoshwa unang'aa. Pilipili alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya kwanza. Aliutambua mche uliokuwa ukiota kando ya jiwe, ule wenye jani lililotobolewa na mdudu. Shingoni ulikuwa na kibao kilichoandikwa Mgeni Rasmi.

"Wifi, karibu," Mwenyekiti alisema bila kunyanyuka. "Nilikuwa nakuja kwako."

"Ulishakuja. Ulikuta sipo, ukajihudumia."

Mwenyekiti alijitetea kwa yale ya kawaida, kwamba hori ni la wote, kwamba miche ile hakuna aliyeipanda, kwamba kikundi ni chao wote. Pilipili alimwacha amalize. Kisha akamuuliza kama kikundi kiliwahi kumletea hata jembe alipokuwa anatoa mawe. Akamuuliza kama wale waliopita juu barabarani wakicheka walikuwa kikundi au walikuwa wapita njia. Akamuuliza ni nani walioivuta miche kwa shingo kama wanachinja kuku. Sauti yake haikuwa kubwa, na hilo lilitisha zaidi; majirani waliozoea kusikia wakiwa majikoni mwao ilibidi wasogee ukutani.

"Walioivuta nimewagombeza," alisema Mwenyekiti. "Mimi niliichota na tope lake."

"Nimeona. Umeiba kwa adabu."

Mwenyekiti akaweka kibao chini. Pilipili akamuuliza miche ya kitalu iko wapi, ile waliyoikuza wote kwa ajili ya siku hiyo hiyo, ile iliyofunikwa turubai ufukweni.

"Ilikufa."

"Lini?"

"Kiangazi. Maji yalikuwa mafu, hayafiki kitaluni, ilitakiwa mtu achote kwa ndoo. Ikakauka. Nikaifunika ili watu wasione."

"Zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na ulikuwa wapi?"

Mwenyekiti alinyanyua kidevu akaelekeza kwenye mlango wa chumba kilichotazama uani, chumba cha mama mkwe wake, ambaye ni mama mzazi wa Pilipili.

Ikabidi asimulie, akitazama vibao vyake. Kiangazi kile, Pilipili akiwa kwenye mawe yake, mama alianguka bafuni, upande wa kushoto ukalala. Hakuweza kugeuka wala kwenda haja bila kubebwa. Mwenyekiti alipika shule asubuhi, akakimbia nyumbani, akapasha maji, akamwogesha, akamgeuza, akamsugua mkono uliolala kwa mafuta mpaka vidole vikaanza kukumbuka kazi yao, akarudi shule kuosha masufuria. Kitalu kiliachwa kwenye jua. Na kila Ijumaa, Pilipili alipokuja kumwona mama, mama aliwekewa mito nyuma ya mgongo, akachanwa nywele, akavikwa gauni zuri, akakaa kama malkia. Mwenyewe ndiye aliyekataza binti yake asiambiwe. Alisema akiambiwa ataacha kuchimba, na akiacha, bamvua ijayo haitachukua ukuta tu.

Pilipili aliukumbuka ule mkono wa mama, ulivyokuwa umelala mapajani kila Ijumaa. Alidhani ni uzee. Aliwahi hata kumtania mama kwamba anajifanya bibi harusi. Alikuja na tope kwenye miguu, akakaa kidogo, akaondoka akiwa na haraka ya kurudi kwenye mkondo.

Ungedhani hasira ingeshuka hapo. Haikushuka. Ilikosa pa kwenda tu, ikazunguka mule ndani kama nyuki aliyefungiwa chumbani.

"Mngeniambia."

"Ungeacha kuchimba."

"Mama ni wangu."

"Na aliyemwosha je?"

"Mimi ni wangu mwenyewe," ilisema sauti kutoka chumbani, "na ninataka chai."

Mwenyekiti akainuka, akamimina chai kwenye kikombe chenye masikio mawili, kile alichokitafuta soko zima ili mama mkwe aweze kukishika mwenyewe, akaipoza kwa kuimimina huku na huku, akaipeleka. Pilipili alimwona akiingia, akamwona anavyofuta kwanza kidevu cha mama kabla ya kumpa, kwa upande wa ndani wa kiganja chake. Afadhali asingeona. Mtu ukitaka kumkasirikia mwenzio vizuri, usimtazame akifanya mambo kama hayo.

Mwenyekiti aliporudi, Pilipili alisema miche inarudi leo. Mwenyekiti akasema leo haiwezekani. Wageni wakikuta kitalu kikavu watakifuta kikundi, na wameshaahidi tangi la maji kwa ajili ya mtaa, na watu wameshaanza kuota ndoto za bomba.

"Mtapanda wapi?"

"Pale mchangani, kando ya barabara."

"Pale itakufa."

"Najua."

"Unajua."

"Sote tunajua, wifi. Pale ndipo viatu vyao vinapofika."

Ingekuwa ni ujinga, Pilipili angesamehe, maana mjinga akielewa mambo huisha. Lakini huku kujua, kujua vizuri kabisa halafu kufunga vibao, kulimchoma kuliko mashimo yenyewe.

"Ukiupanda mche wangu mchangani," alisema, "usije kwangu tena. Hata kunizika usije."

"Nitakuzika tu," alisema Mwenyekiti, akirudi kwenye kigoda chake. "Nani mwingine ataweza kukuvumilia?"

Kesho yake magari yalikuja, wakashuka wageni, mama mmoja afisa akiwaongoza, wamevaa fulana za kijani zilizofanana, mikunjo ya kiwandani bado iko vifuani. Viti vilipangwa, kipaza sauti kikakoroma kikanyamaza. Mchangani mashimo yalikuwa yameshachimbwa tayari, mstari mmoja ulionyooka kama pindo la shuka. Mtaa mzima ulikuja, na wengi hawakuja kwa ajili ya wageni. Walikuja kumwona Pilipili akilipuka. Alisimama nyuma, mikono kifuani, na watu walimwachia nafasi kila upande kama sufuria ya mafuta yanayochemka.

Hakulipuka. Mwenyekiti alitoa hotuba, akawashukuru wageni, akawashukuru akina mama, akafika mahali pa kusema miche hii imekuzwa kwa upendo na kikundi chetu. Hapo macho yake yakakutana na ya wifi yake, akaruka hadi kwenye neno asanteni. Angeweza kusema ukweli pale, na Pilipili alimngojea aseme. Pilipili mwenyewe alifungua mdomo mara kadhaa. Lakini kila alipoufungua aliona beseni la maji ya uvuguvugu, na mkono wa mama, na mkono mwingine unaousugua, na mdomo ukajifunga. Kunyamaza huko usikuite msamaha. Ni kama mtu anayetaka kupiga kelele huku mdomo umejaa chakula alichopewa na yule yule anayetaka kumpigia.

Wageni walipanda, wakapigwa picha wameinama, wakapigwa tena wamesimama. Mgeni Rasmi aliukandamiza mche wenye jani lililotobolewa kwa ncha ya kiatu, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Magari yakaondoka. Akina mama wakaenda kugawana soda zilizobaki.

Mchangani wakabaki wawili. Mwenyekiti alikuwa bado amevaa gauni lake la sherehe, la rangi ya dhahabu, ambalo Pilipili mwenyewe ndiye aliyelishona. Alifungua mkoba wake mkubwa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa upawa wa shule.

Pilipili aliutazama. Wifi yake alikuwa ameuleta tangu asubuhi, basi. Alikuwa ametoa hotuba yote ile upawa uko mkobani.

"Maji yameanza kurudi," alisema Mwenyekiti. "Utasimama hapo kama nguzo ya umeme au utaleta ndoo?"

"Usinitume. Sijakusamehe."

"Sijakuomba msamaha. Nimekuomba ndoo."

Wakaanza kuichota, Mwenyekiti kwa upawa, Pilipili kwa mikono, na waligombana mche kwa mche. Huo umeuvunja mzizi. Nimeuvunja mimi au waliouvuta ni wenzako? Inua taratibu. Ninainua taratibu tangu hujajua kushika sindano. Gauni la dhahabu lilikuwa limekunjwa kiunoni, limeingia unyevu hadi kifuani, na Pilipili akasema tope la hori halitoki kwenye kitambaa kile, naye asitegemewe kushona kingine.

Walikuwa wamefika nusu ya mstari gari moja liliporudi. Akashuka yule mama afisa aliyeongoza msafara, amesahau miwani yake kwenye kiti. Aliwakuta wamepiga magoti, ndoo zimejaa, mche wenye kibao chake mwenyewe uko mkononi mwa Mwenyekiti.

Aliuliza wanafanya nini. Pilipili alisubiri. Alijua wifi yake ana uongo wa kutosha kwa dharura kama ile, mpishi wa shule hawezi kuishi bila akiba hiyo. Angeweza kusema wanasogeza tu, au wanakagua mizizi.

Mwenyekiti alisimama, akajipangusa magoti.

"Hapa haioti," alisema. "Kitalu chetu kilikufa, na aliyekiua ni mimi. Hii ni miche ya wifi yangu, niliing'oa kwake akiwa safarini ili ninyi mpate cha kupanda. Sasa tunairudisha."

Mama afisa alionekana kuwa mtu mwema aliyechoka. Akauliza, na sasa yeye akaandike nini huko ofisini. Mwenyekiti akamwambia aandike alichokiona. Yule mama akakitazama kibao chenye jina lake, akachukua miwani, akarudi garini. Mlango aliufunga kwa nguvu.

"Tangi limekwenda," alisema Mwenyekiti.

"Limekwenda," alisema Pilipili. Kisha, kwa sababu ukweli hata adui hustahili, akaongeza, "Ulisema vizuri."

"Nyamaza. Chota."

Kule horini maji yaliwakuta kwenye magoti wakati mche wa mwisho unarudishwa kwenye shimo lake.

Tangi kweli halikuja. Watu walinuna, na kuna waliomwambia Mwenyekiti usoni kwamba angeuma tu ulimi siku ile. Wiki hiyo wanafunzi walilalamika uji una mchanga. Miche iliyokuwa imevutwa kwa shingo ilikunjamana ikaanguka, karibu yote, na kila uliokufa Pilipili aliubeba hadi uani kwa Mwenyekiti akauweka mbele ya kigoda chake bila kusema neno. Ile iliyochotwa na tope lake, mingi ilishika. Leo ukienda kwenye hori utaiona imefika kiunoni, mingine bado ina vibao vya watu wasiojua walipandwa wapi.

Pilipili humwogesha mama yake kila anapopata nafasi, naye huogesha vibaya, mama husema ana mikono ya kupiga pasi. Mwenyekiti husimama mlangoni akitoa maelekezo ambayo hakuombwa. Hawajawahi kukaa wakayamaliza. Siku moja kipindi cha maji kupwa Pilipili alimkuta wifi yake amesimama kwenye tope, gauni limekunjwa, ameinama juu ya mche wenye jani lililotobolewa, anatoa gugu lililojifunga kwenye shina.

"Usiguse mche wangu."

"Wako?" Mwenyekiti hakugeuka. "Huu niliubeba mimi, na tope lake, mara mbili."

Pilipili aliingia topeni, akaanza kutoa gugu upande wa pili, kwa hasira.